Nikinyamaza Nasikia Sauti za Watu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia yetu mkoani Kilimanjaro. Tangu mafungo ya Kwaresima ninaamka saa kumi na moja alfajiri na kukaa kimya mbele ya Mungu kwa nusu saa, bila rozari wala kitabu, kama tulivyofundishwa. Nilitarajia amani. Badala yake namsikia marehemu mama yangu akiuliza "watu watasemaje", namsikia mama mkwe, nawasikia kina mama wa kikoba. Nimegundua kwamba sijawahi kuchagua jambo lolote maishani; hata uenyekiti sikuutaka. Sasa natamani kuacha uenyekiti, kikoba na kamati za harusi, ili nimpate yule mtu ambaye Mungu alikusudia niwe. Mume wangu anasema nimekuwa mbinafsi. Je, hii ni sauti ya Mungu au ni ubinafsi wangu tu?*

Marahaba, mwanangu. Unaandika kana kwamba sala yako imeharibika, nami naona imeanza kufanya kazi. Umewahi kukaa kwenye foleni ya mashine ya kusaga? Injini inaponguruma husikii mtu. Ikizimwa ndipo unagundua kwamba waliokuzunguka walikuwa wakizungumza muda wote. Hizo sauti hazikuletwa na ukimya, bali zilikuwa zikikuongoza mchana kutwa bila wewe kuzitambua.

Aliyeijua hali hii vizuri ni Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyezaliwa Hispania mwaka 1515. Babu yake mzaa baba alikuwa Myahudi aliyeingia Ukristo, na mwaka 1485 aliaibishwa hadharani mjini Toledo kwa shutuma za kuirudia dini ya wazee wake. Familia ikahangaika baadaye kupata hati ya kuthibitisha kwamba wao ni waungwana, kwa hiyo Teresa alikulia katika nyumba ambamo jina la ukoo lililindwa kama yai. Alipoingia utawani mwaka 1535 hakuikimbia jamii hata kidogo, kwa sababu monasteri ile ilikuwa na watawa zaidi ya mia moja, na waliotoka kwenye ukwasi waliishi katika vyumba vya kifahari na kuitwa kwa vyeo vya kibibi, huku sebule ikijaa wageni na maongezi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kwa miaka mingi, akiwa kwenye sala, masikio yake yalikuwa yakisubiri saa igonge ili aondoke. (Ukisinzia alfajiri, basi, usijione mkosaji wa kwanza.) Mwaka 1562 alipofungua monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu, alifuta vyeo vile vyote, naye akajiita Teresa wa Yesu. Mji ukachachamaa dhidi yake.

Lakini angalia alichofanya baadaye, kwa maana hapo ndipo ninapotofautiana na barua yako. Hakujifungia akimtafuta Teresa halisi. Alisafiri kwa mikokoteni, akabishania bei za nyumba, akaandika barua usiku, na hadi alipofariki mwaka 1582 alikuwa ameanzisha monasteri 17. Wewe unafikiri mtu wako wa kweli atapatikana kwa kupunguza watu mmoja mmoja hadi ubaki peke yako, ilhali sisi tunaosema mtu ni watu tunajua kwamba ukimaliza kuwapunguza wote hutabaki na kitu. Sauti ile ile ya mama yako iliyouliza watu watasemaje ndiyo iliyokufundisha Ishara ya Msalaba. Alikuwa na hofu, na alikupenda. Vyote viwili vilikuja katika sentensi moja, na itakuchukua muda kuvitenganisha.

Ukikaa alfajiri usibishane na sauti hizo, wala usizichunguze. Chagua neno moja fupi, kwa mfano "Baba", na kila unapojikuta umeondoka, lirudie taratibu bila kujikaripia. Yesu aliposema tuingie chumba cha ndani na kufunga mlango, alisema tukamwombe Baba aliye sirini. Hakututuma kwenda kujitazama wenyewe. Na maamuzi ya maisha usiyafanye ndani ya nusu saa hiyo. Yaandike, kisha yasubiri mchana.

Kuhusu uenyekiti nitasema wazi: umesema hukuutaka, lakini hukuandika popote kwamba uliwahi kukataa. Wanajumuiya hawawezi kusikia neno ambalo hukulitamka. Malizia kipindi chako, na uchaguzi ukifika useme hapana kwa kinywa chako mbele yao. Kikoba kina fedha za wenzako ndani yake, kwa hiyo hakiachwi kwa hisia za alfajiri. Kamati za harusi ndizo mahali pazuri pa kujifunzia: kataa moja tu, ijayo, kwa adabu na bila kusingizia ugonjwa, kisha tazama kinachobaki moyoni. Teresa aliwaambia watawa wake kwamba alama ya kuaminika kuliko hisia zote za sala ni upendo kwa jirani. Ukikataa kisha ukawa mpole zaidi kwa watu wa nyumbani, endelea. Ukikataa kisha ukaanza kuwadharau waliokubali, rudi ukazungumze na padri aliyewaongoza kwenye mafungo.

Mume wako simlaumu. Anamwona mke anayetoweka kitandani kabla ya mapambazuko na kurudi na orodha ya mambo ya kuacha, naye pengine anajiuliza kama jina lake litafuata. Mweleze ulichonieleza mimi, pamoja na sauti ya mama, na umuulize kama naye anasikia ya baba yake.

Na mchango wa harusi uliokwisha kuahidi, mwanangu, ulipe.