Geti la mota likigoma, anza kwa mkono

Geti la mota la kuteleza kwenye reli likianza vituko, wengi hukimbilia rimoti. Wanabadili betri, wanabonyeza kwa hasira, mwisho wanampigia fundi, naye kabla hajafungua kifuniko anatangaza kuwa kadi, ile bodi ya umeme inayoiongoza mota, imeungua. Kadi si bei rahisi. Mimi hapa kwangu Dar es Salaam naanza na mkono.

Kwanza kagua vizuizi vya mwisho wa reli kama bado vimeshika, maana bila hivyo geti linaweza kuchomoka na kumwangukia mtu; watoto wakae mbali. Kisha zima umeme, chukua ule ufunguo mdogo uliokuja na mota, liachie geti kutoka kwenye mota, ulisukume. Geti lisilo na hitilafu huenda mwanzo mpaka mwisho bila kukutoa jasho. Likiwa zito, mota unaionea bure. Tazama reli: mchanga na kokoto hujaa humo, hasa baada ya mvua. Tazama magurudumu: beringi zikiisha geti hushuka, na ule ukanda wa meno uliofungwa kwenye geti unaikandamiza gia ya mota, ilhali kati yake inatakiwa nafasi ya milimita 1 au 2. Na tafadhali, grisi usiipake kwenye meno wala reli. Mchanga wa mtaa mzima utagandia hapo.

Likienda vizuri kwa mkono, sasa geukia umeme. Linafunguka ila halifungi, au likifika nusu linarudi? Angalia sensa mbili zinazotazamana pembeni mwa njia. Utando wa buibui, nyasi au kinguzo kilichogongwa kikapinda vinatosha kulirudisha. Linagoma umeme ukikatika tu? Hiyo ni betri ya akiba. Ya volti 12 ikijaa na kutulia husoma karibu 12.7, kama baada ya kuchaji inaporomoka mara geti linapoanza kutembea, nunua nyingine.

Halafu kuna wapangaji wasiolipa kodi: sisimizi na mijusi. Ndani ya mota kuna joto, na matundu ya nyaya huachwa wazi. Mjusi akilalia kadi anaweza kusababisha shoti. Zima umeme, safisha kwa brashi kavu, ziba matundu kwa silikoni. Dawa ya wadudu usipulizie kwenye kadi.

Ukiyapitia yote na bado linagoma, fundi aje. Mweleze ulichokiona, na hiyo kadi aipime mbele yako.