Maswali ya Wasomaji: Gabbar Alikamatwa au Aliuawa?

SWALI: Nimetazama filamu ya Kihindi ya Sholay mtandaoni, mwishoni polisi wanamkamata jambazi Gabbar. Rafiki yangu anaapa kwamba kwenye nakala yake Thakur, adui wa Gabbar, anamuua. Nani ana feki? Tena picha ya 1975 si imeshakuwa ya bure?

JIBU: Huenda zote ni halali. Mwongozaji Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi ya India, wakati wa Hali ya Hatari (serikali ilipobana uhuru wa raia), ikaukataa, ndipo polisi wakaingizwa dakika za mwisho. Mwisho ule wa awali umo katika toleo la dakika 204, na umerudi katika nakala ya 4K (picha kali sana) iliyosafishwa na Film Heritage Foundation, shirika la India la kuhifadhi filamu, iliyoonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025.

Nakala ya wizi huumbuliwa na mengine. Tazama majina ya mwanzoni: yakisomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa. Vichwa vikikatwa juu, imekuzwa. Sauti zikiwa nyembamba kupita kiasi, imeongezwa kasi. Hufanywa hivyo ili mitambo ya kutambua filamu isiinase. Ila usikurupuke: DVD za PAL, mfumo wa runinga unaotumika nchi nyingi, huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 204 hushuka hadi kama 196 bila kukatwa kitu.

Bure? Bado sana. Sheria ya Hakimiliki ya India ya 1957 huilinda filamu miaka 60, ikihesabiwa tangu Januari ya mwaka unaofuata kutolewa kwake. Sholay ilitoka 15 Agosti 1975, basi italindwa hadi mwisho wa 2035.

Kuipata kihalali, andika jina pamoja na mwaka kwenye duka la filamu la simu au runinga yako, maana ipo pia ya 3D ya 2014. Kabla ya kulipa, soma muda wake na lugha za tafsiri ya maandishi. Pia piga hesabu ya bando: kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, dakika 204 hula GB 2.3, kwa megabiti 5, GB 7.7.

SWALI: Nimepakua "filamu" inayoishia na .apk. Nifungueje?

JIBU: Usiifungue, ifute. Hiyo ni programu ya simu. Filamu huishia na .mp4 au .mkv. Kama ulishaisakinisha, iondoe, kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine.