Ale nini kwenye mabanda ya EPCOT?

Dada, umeuliza binti yako ale nini shule yao ya hapa Dar itakapowapeleka EPCOT, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani, maana nguruwe hali na karanga zinamdhuru. Anza na karanga: iandike hatari hiyo kwa Kiingereza kwenye karatasi, mwalimu naye awe na nakala, na mhudumu aonyeshwe kabla ya kuagiza chochote. Hapo usilegeze hata kidogo.

Kuna mabanda ya nchi 11 yaliyozunguka ziwa, Meksiko hadi Kanada. Wagawane sahani moja watatu, ndipo wataonja vingi. Banda la Ujerumani aulize kila soseji kama ina nguruwe. Mimi ningemwanzishia Moroko. Mdalasini na binzari nyembamba atavitambua, ni harufu ya pilau lako.