Meno ya shafti ya PTO yameliwa: yajazwe kwa kuchomelea?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina trekta la Massey Ferguson 135 kuukuu ninaloburugia mpunga bonde la Cheju, Unguja. Meno ya shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha rotaveta (jembe la kuzunguka), yameliwa hata kichwa cha propela, ule mhimili unaounganisha shafti na rotaveta, kinaruka kazi ikikaza. Fundi wa kuchomelea ananambia atayajaza kwa moto kisha ayapige tupa. Nimkubalie?

JIBU: Waaleikumu salaam. Usimkubalie. Chuma cha meno yale kimekazwa kwa moto kiwandani. Kuchomelea kunauharibu ukazo huo: pengine kinalainika, pengine kinakuwa kikavu na kupasuka. Shafti nayo hupinda, na hata upinde usioonekana kwa jicho unatosha kuua sili na beringi. Na tupa ya mkono haiwezi kuyalinganisha meno 6 yote yabebe mzigo sawa.

Kwanza ujue nani kaliwa. Zima injini, toa ufunguo, uazime kichwa cha propela kilicho kizima na ukichomeke. Kikitulia, ubovu uko kwenye kichwa chako, na hicho ndicho rahisi kununua. Kikicheza sana, shafti imekwisha. Hapo badilisha vyote viwili, maana kichwa kibovu kitaila shafti mpya.

Kuitoa si kazi kubwa. Mwaga oili ya nyuma, fungua bolti 4 za kifuniko kinachozunguka shafti, uivute moja kwa moja pamoja na beringi yake. Weka sili mpya hata kama ya zamani haivuji. Umeshafungua, na bei yake ndogo. Wakati wa kurudisha, ikigoma kuingia ndani usiigonge nyundo. Izungushe kidogo kwa mkono mpaka meno ya mbele yakutane.

Lakini shafti hailiwi bure. Tazama pini ya kichwa kama inaingia kwenye mfuo wake. Tazama propela yenyewe: ukiichomoa vipande viwili na kuirudisha, mapanda ya ncha zote mbili lazima yaelekee upande mmoja, la sivyo itatikisika kila mzunguko. Usiinue rotaveta juu huku inazunguka, maana krosi, vile viungo vya msalaba vya propela, zinapinda kupita kiasi. Kama yako ina bolti ya kukatika, ile inayokatika kwanza mzigo ukizidi, ukiweka kipande cha nondo mahali pake umeondoa kinga, na jiwe la kwanza litalipiwa na shafti. Ukitoka bondeni osha tope, paka girisi. Hewa yetu ya chumvi haisubiri.

Kifuniko cha propela kirudishe. Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde, na ncha ya kikoi ikishanaswa hutapata muda wa kuzima.

Ukiagiza Dar es Salaam, mpe muuzaji shafti ya zamani mkononi. Kipenyo cha milimita 35 na meno 6 hufanana kwa matrekta mengi, ila urefu na ncha ya ndani hutofautiana.