Anza na fomu, rangi baadaye

Ukikaribishwa kusaidia tovuti inayoendeshwa na wanajamii wenyewe, usikimbilie nembo. Fungua fomu ya kujiandikisha, maana watu wengi huishia hapo.

Tazama sehemu ya jina. Fomu inayolazimisha "jina la ukoo" inamkwamisha Mrundi au Mnyarwanda ambaye hakurithi jina la baba yake, na ile inayokataa alama ya ' inamfukuza Ng'ang'a. Weka sehemu moja tu: "Jina lako". Maelezo yakae juu ya kisanduku, yameunganishwa nacho kwa label (tagi ya HTML inayobeba jina la kisanduku). Yale ya kijivu yaliyomo ndani hutoweka mtu akianza kuandika, na aliyekatizwa na simu akirudi hajui alikuwa anajaza nini. Kosa likitokea, liandike kwa maneno pamoja na namna ya kulirekebisha. Wekundu peke yake haumsaidii asiyeuona. Na usifute aliyokwisha kujaza!

Kisha weka mausi pembeni. Bonyeza Tab kuanzia juu hadi kitufe cha kutuma. Ukipotea njiani, karibu kila mara kuna mtu aliyeandika outline: none kwenye CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) kwa sababu ule mstari unaozunguka ulipofika "unaharibu sura". Urudishe.

Rangi zina vipimo, hazihitaji mjadala. Kijivu #999999 juu ya nyeupe hutoa uwiano wa utofauti wa 2.85:1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, inadai 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inapita kwa shida. Vitufe: WCAG 2.2 ya 2023 inaanzia pikseli 24 kwa 24, ila kwa kidole gumba ndani ya daladala weka 44.

Lugha ndiyo husahaulika zaidi. Bila lang="sw" kwenye HTML ya ukurasa, kisoma skrini (programu inayomsomea kwa sauti asiyeona) kinaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Tena usiunge vipande vya sentensi kwenye msimbo: namba + "jibu" + "jipya" itakupa "3 jibu jipya". Mpe mfasiri sentensi nzima, ya umoja na ya wingi: "Jibu 1 jipya", "Majibu 3 mapya".

Saa nazo ni mtego. Ukitangaza kikao "2:00", mmoja atakuja saa mbili usiku, mwingine atafuata simu yake aje saa nane mchana. Andika "saa 2:00 usiku (20:00), Dar es Salaam". Lubumbashi na Kigali wako nyuma kwa saa moja.