Njahi za nyanyako kwenye ploti ya Ruai

Dada, umeuliza kama njahi, zile mbegu za jamii ya maharagwe alizokuachia nyanyako, zitaota Ruai, nje kidogo ya jiji la Nairobi, na zinaliwaje. Zitaota. Njahi huvumilia ukame kuliko maharagwe, ila hazipendi maji kutuama, na udongo mweusi wa huko unayashika, kwa hivyo inua matuta. Panda mvua ya masika ikishika, lakini usizipande zote, bakiza akiba. Acha maganda yakauke kwenye mmea hadi ukiyatikisa yalie, upukuchue, kisha uhifadhi mbegu kwenye majivu makavu; fukusi hawana huruma.

Jikoni, loweka usiku kucha umwage maji yale, uchungu upungue. Chemsha hadi ziive kabisa, ponda na ndizi mbivu. Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua. Binafsi naongeza viazi, ndizi pekee ni tamu mno.