Andika barua kabla tumbo halijasema

Mimba ya kwanza niliificha kazini hadi mwezi wa saba. Nilikuwa keshia katika duka la jumla hapa Nakuru, na baridi yetu ikanipa kisingizio cha kuvaa sweta kubwa kila siku. Nilidhani nalinda kazi. Tajiri alipogundua, aliniambia nipumzike tu, "tutakuita". Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilimwomba likizo. Mtoto sasa yuko gredi ya nne, na simu bado haijalia.

Kumbe Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ilikuwa upande wangu muda huo wote: miezi mitatu kwa mshahara kamili, likizo ya mwaka haiguswi, na mimba si sababu ya kumfuta mtu kazi. Kinachotakiwa ni notisi ya maandishi isiyopungua siku 7. Baba naye ana wiki mbili. Mume wangu hakujua, alijiombea ruhusa ya siku mbili kama mtu anayekwenda matanga.

Mimba ya pili ilinikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Lanet. Mwezi wa tano wa mimba niliandika barua, kopi mbili: tarehe ya kuondoka, ya kurudi, na nani nitamfundisha kazi yangu. Mkubwa wangu akaguna. "Sasa Mama Ivy, nikulipe wewe, tena nimlipe anayeshika nafasi yako?" Lakini kopi yangu aliitia sahihi.

Swali lake lina hesabu, nakubali. Kwetu mshahara wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwa mwajiri. Duka la watu watano linabeba mzigo uleule wa kampuni kubwa, ndiyo maana msichana aliyeolewa majuzi huulizwa mambo ya ajabu kwenye intavyuu. Kama tunaweza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya, sioni kwa nini likizo hii isilipwe kutoka mfuko wa pamoja.

Kilichonitesa zaidi ni kurudi. Yaya, pamoja na chakula chake, alimeza zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Mama mkwe akanipigia kutoka Molo: "Binti yangu, kwani unamfanyia kazi yaya? Kaa ulee." Nilishawishika. Halafu nikakumbuka mara ya kwanza: nilikaa miaka miwili, niliporudi nikaanzia mshahara wa chini kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kushika droo ya pesa. Basi yaya usimpime kwa mshahara wa mwezi huu pekee. Mpime pia kwa ule ambao ungekuwa unalipwa miaka mitatu ijayo, ukiwa hujatoka.

Na wewe wa kibarua cha kila siku usiseme haya hayakuhusu. Ukifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mzima, sheria inakuhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi. Meseji za M-Pesa za malipo yako usizifute.